Vanila Ilipigwa Marufuku Siku Tatu

Karatasi tuliyopewa hospitalini ilikuwa nakala ya nakala, wino umefifia pembeni, na juu yake palikuwa na orodha ya vitu ambavyo mama hakutakiwa kuvitia mdomoni kwa siku tatu: chai, kahawa, chokoleti, ndizi, machungwa, na mwisho kabisa, vanila.

Mama alisoma akafika kwenye chai, akaishia hapo. "Siku tatu bila chai, mwanangu?" Amezaliwa Mombasa, ameishi Nairobi zaidi ya miaka arobaini, na sidhani kuna asubuhi hata moja aliyoianza bila kikombe cha chai ya maziwa yenye tangawizi. Aliikunja ile karatasi mara nne akaitia mkobani, kama mtu anayeficha barua yenye habari mbaya.

Mimi jicho langu liliganda kwenye lile neno la mwisho. Kazi yangu ni kuoka keki. Tunaishi Umoja, vyumba viwili na jiko, na kuanzia Alhamisi oda zikishika kasi nyumba nzima hunuka vanila. Imo kwenye mapazia, imo kwenye sare ya mtoto. Nilimuuliza dada aliyetupatia karatasi: kwa nini vanila? Akasema ndivyo ilivyoandikwa. Simlaumu, foleni nyuma yetu ilikuwa imefika mlangoni. Lakini swali lile lilipanda matatu pamoja nami, likashuka pamoja nami, na usiku likalala kitandani kwangu.

Niseme kwanza kilichotupeleka hospitali. Tangu Januari mama alikuwa akipatwa na vipindi. Ameketi anachambua mchele, ghafla moyo unaanza kudunda, jasho linamtoka mpaka leso inalowa, kichwa kinagonga. Nusu saa baadaye yamepita, amebaki mnyonge. Presha ikipimwa wakati huo iko juu ya kutisha, kesho yake imeshuka. Daktari, kijana mpole aliyemwamkia mama na kumsikiliza mpaka mwisho, alisema anataka kuondoa shaka moja.

Juu ya kila figo pamekaa tezi ndogo kama kofia. Tezi hizo humwaga adrenalini na noradrenalini, homoni zinazokurusha kitandani mtu akigonga mlango usiku wa manane. Mara chache sana uvimbe huota hapo na kuanza kuzimwaga bila sababu. Mtu yuko jikoni kwake salama, na mwili wake unaamini mwizi anavunja mlango. Homoni zenyewe hazidumu kwenye damu. Mwili huzivunja haraka, na moja ya mabaki yake makubwa hutoka kwenye mkojo. Basi mama angekusanya mkojo wa saa ishirini na nne, wote bila kupoteza hata tone, na maabara ingepima mabaki hayo. Kwenye fomu yaliandikwa kwa herufi tatu tu: VMA.

Siku ya kwanza ya masharti nilifunga chupa zangu zote za vanila kwenye mfuko wa nailoni nikazipeleka kwa jirani. Nilijua harufu peke yake haiwezi kuharibu kipimo, lakini mama alikuwa ameshaogopa vya kutosha. Oda ya keki ya ubatizo niliiokea huko huko kwa jirani. Kisha usiku, mama akiwa amelala na uji wake wa wimbi umepoa mezani, nikaanza kusoma kwenye simu. Shuleni nilipenda kemia kuliko somo lolote, na sikuwahi kupata nafasi ya kuendelea nayo.

Kinachonukia ndani ya vanila, zaidi ya vyote, ni vanilini. Ni molekuli ndogo: kaboni nane, haidrojeni nane, oksijeni tatu. Kiini chake ni pete ya kaboni sita, ile inayoitwa pete ya benzini. Wanakemia wa zamani waliziita molekuli za pete hii kwa jina la harufu nzuri, kwa kuwa nyingi kati ya zile za mwanzo walizozijua zilikuwa zinanukia, na jina likabaki hata kwa zile zisizonukia. Kwenye pete ya vanilini kumening'inia vitu vitatu. Upande mmoja kuna kundi la aldehidi, yaani kaboni iliyoshika oksijeni kwa mikono miwili na haidrojeni kwa mkono mmoja. Upande wa pili, mkabala kabisa, kuna oksijeni yenye haidrojeni. Na jirani yake kuna oksijeni nyingine iliyobeba kaboni na haidrojeni tatu. Pete pamoja na hivi viwili vya jirani ndiyo sura ya ukoo mzima. Ukiijua, utaanza kuiona kila mahali.

Mimi nilianza kuiona jikoni kwa mama. Harufu ya karafuu ni yujenoli, ambayo ina pete hiyo hiyo na majirani hao hao wawili, ila mahali pa aldehidi pana mkia wa kaboni tatu. Tangawizi mbichi huwasha kwa jinjeroli: pete ile ile, mkia mrefu zaidi. Na pilipili! Kapsaisini ya pilipili ina kichwa hicho hicho. Mwaka 1997 maabara ya David Julius huko California ilipopata mlango wa neva unaofunguka pilipili ikigusa ulimi, mlango huo ulipewa jina linalotokana na vanila, kwa sababu ya kichwa hicho. Julius alishirikishwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Mdalasini na bizari nyembamba nazo hubeba aldehidi za pete, ingawa hazina wale majirani wawili. Kwa hiyo sufuria ya pilau ya mama, ile anayoipika Idi na harufu yake inashuka ngazi mpaka ghorofa ya chini, ni mkutano wa jamaa za vanila na hakuna hata tone la vanila ndani yake.

Usiku wa pili nilisoma habari za mmea. Kuna jambo lililonishangaza hapo, mimi niliyeshika maganda ya vanila mkononi. Rafiki aliniletea manne kutoka Mukono, Uganda, na nikayatunza kwenye sukari kama dhahabu. Ganda la vanila likichumwa bichi halinukii. Vanilini imo, lakini imefungwa kwenye sukari ya glukosi, na ikiwa imefungwa hivyo haipai hewani kufika puani. Wakulima huyatumbukiza maganda kwenye maji ya moto, huyafunika kwenye mablanketi yatoke jasho, huyaanika juani na kuyarudisha blanketini, siku baada ya siku, kisha huyapumzisha kwa miezi. Joto huvunja kuta ndani ya ganda, kimeng'enya, yaani protini ya kukata na kuunga molekuli, hukutana na ile vanilini iliyofungwa na kuikata kamba. Ganda likikauka vizuri, vanilini huwa kama asilimia mbili ya uzito wake. Pamoja nayo mna mamia ya molekuli nyingine zinazoipa vanila ya ganda kina chake.

Na kabla ya hayo yote kuna mtoto. Vanila asili yake ni Meksiko, na Wafaransa walipoipeleka kisiwa cha Réunion, karibu na Bukini, ilitambaa juu ya miti, ikachanua, lakini haikuzaa. Ua la vanila hufunguka asubuhi na kufunga siku hiyo hiyo, na ndani yake kuna kiwambo kinachotenganisha upande wa kiume na wa kike. Wadudu wa Meksiko wenye kazi hiyo hawakuwepo. Mwaka 1836 Charles Morren aliweza kulichavusha ua kwa mkono huko Ubelgiji, lakini njia yake haikuwafaa wakulima. Mwaka 1841, mtoto mtumwa wa miaka kumi na miwili aitwaye Edmond alichukua kijiti, akakiinua kile kiwambo, na kwa kidole gumba akabana pande mbili zikagusana. Ilichukua sekunde chache. Bwana wake, Ferréol Bellier-Beaumont, alimzungusha mashamba ya wengine akawafundishe watumwa wenzake. Vanila ikatoka hapo ikaenda Bukini na Ngazija, kwa jamaa zetu wa lugha, na mpaka leo duniani kote maua ya vanila ya biashara huchavushwa kwa mkono, moja moja, kwa njia ya yule mtoto.

Edmond aliachwa huru mwaka 1848 utumwa ulipofutwa kisiwani, akapewa jina la ukoo la Albius, na alikufa maskini mwaka 1880. Mtaalamu mmoja wa mimea, Jean-Michel Claude Richard, alidai kuwa ni yeye aliyemfundisha. Bellier-Beaumont alimtetea Edmond kwa maandishi, na ndiyo maana tunalijua jina lake. Nimelisimulia hili kwa kila mteja aliyekaa kwangu kusubiri keki ipoe. Huwa nakasirika kila mara, na sidhani nitaacha kukasirika.

Sasa, chupa ninazotumia mimi haziko hivyo. Arki ya vanila ya bei ninayoiweza ni vanilini ya kiwandani, na sehemu kubwa mno ya vanilini inayoliwa duniani ni hiyo. Wapo waokaji wanaoiita feki, nami siwakubalii. Molekuli ni ile ile: kaboni nane, haidrojeni nane, oksijeni tatu, pete na majirani wake. Pua haiwezi kuuliza ilizaliwa wapi. Ganda lina utajiri wa harufu nyingine, hilo ni kweli na nalionja, lakini vanilini ni vanilini.

Nicolas-Théodore Gobley aliitenga ikiwa safi mwaka 1858. Mwaka 1874 Wajerumani wawili, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, waliitengeneza kutokana na koniferini, kitu kilichomo kwenye utomvu wa misonobari, na kiwanda kikafunguliwa Holzminden. Kisha ikaja zamu ya karafuu. Kwa miongo kadhaa vanilini ya kuuza ilitengenezwa kutokana na yujenoli ya mafuta ya karafuu, katika zama ambazo Unguja na Pemba ndizo zilizotoa sehemu kubwa ya karafuu za dunia. Nilipofika hapo nilitamani kumwamsha mama. Baadaye zikaja taka za viwanda vya karatasi, kwa kuwa lignini, gundi inayoshikilia nyuzi za mti, imejaa pete hizo hizo. Ndiyo sababu kitabu kikuukuu hunuka utamu kidogo ukikifungua. Niliwahi kuinusa harufu hiyo nikiwa mwanafunzi kwenye maktaba ya McMillan, pale mjini, nikadhani ni manukato ya aliyekiazima kabla yangu.

Siku hizi vanilini nyingi huanzia kwenye guayakoli itokanayo na petroli. Guayakoli ni ile pete na majirani wake wawili, bila kitu cha tatu. Kiwandani huunganishwa na asidi ndogo iitwayo glioksiliki, na kinachozaliwa kabla ya vanilini, hatua chache tu kabla, ni asidi nyingine yenye jina refu: asidi ya vanililimandeliki.

Niliisoma mara mbili. Kisha nikainuka nikaenda mkobani kwa mama, nikaikunjua ile karatasi iliyokunjwa mara nne, nikatazama zile herufi tatu. VMA. Vanililimandeliki asidi, ukiisoma kwa mpangilio wa Wazungu. Ni hiyo hiyo.

Nilikaa kwenye sakafu ya jiko. Kile kitu ambacho maabara ingekitafuta kwenye mkojo wa mama, mabaki ya hofu yake, ndicho kitu kinachopita kwenye mapipa ya kiwanda kikielekea kuwa vanila ya keki zangu. Noradrenalini ina pete, na kwenye pete ina oksijeni mbili jirani. Mwili unapotaka kuizima, kimeng'enya kimoja hupachika kaboni yenye haidrojeni tatu juu ya oksijeni mojawapo, na papo hapo sura ya ukoo wa vanila inatokea. Kimeng'enya kingine huukata mkia wake, na njiani kwa muda mfupi sana inakuwa aldehidi. Ini humalizia kazi. Marvin Armstrong na wenzake ndio walioonyesha mwaka 1957 kwamba VMA ndiyo mabaki makubwa ya noradrenalini, na Julius Axelrod, aliyekigundua kile kimeng'enya cha kwanza, alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1970. Kila mmoja wetu, mgonjwa na mzima, hutoa miligramu chache za VMA kila siku. Kila aliyekimbilia matatu ya mwisho, kila aliyesubiri matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Na jibu la swali langu lilikuwa papo hapo. Mwaka 1962 Pisano na wenzake walichapisha njia ya kupima VMA ambayo ilitumika miaka mingi: unauchukua mkojo, unaitenga ile asidi, kisha unaioksidisha mpaka igeuke kuwa vanilini, na unaipima vanilini kwa mwanga. Maabara iligeuza hofu ya mtu kuwa vanila ili iweze kuihesabu. Basi ukila vanila jana, mwili huigeuza sehemu kubwa kuwa asidi ya vaniliki na kuitoa kwa njia hiyo hiyo ya mkojo, na kwa vipimo vya zamani, hasa vile vya kutazama rangi tu, ndugu hawa walichanganyikana. Ndizi, kahawa na wenzao nao huleta pete zinazofanana. Mashine za kisasa hutenganisha molekuli moja moja na hazihitaji masharti makali kiasi hicho, lakini karatasi hudumu kuliko mashine. Sijui kama ningemweleza hivyo yule dada wa foleni angekuwa na nafasi ya kunisikia. Ningependa mtu angetueleza sisi. Mgonjwa anayejua sababu hubeba sharti kwa wepesi zaidi.

Asubuhi nilimweleza mama. Nilichora pete kwa kalamu nyuma ya ile karatasi. Nilimwonyesha karafuu, tangawizi, vanila, na ile ya mwilini mwake. Alitazama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo nikishtuka," akasema, "natoa kitu cha jamaa ya karafuu."

"Ndiyo, Mama."

"Subhanallah."

Siku ya kukusanya ilikuwa ngumu kwake kuliko ya chai. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unamwagwa, kisha unaanza kuhesabu saa, na kila haja ndogo inaingia galoni mpaka asubuhi ya pili. Chini ya galoni kuna asidi kidogo ya kuzuia mabaki yasiharibike, kwa hiyo ni lazima kutumia kopo kwanza kisha kumimina taratibu. Galoni linatakiwa likae penye baridi. Mama alikataa katakata lisiingie kwenye friji pamoja na krimu za wateja, na alikuwa na haki, kwa hiyo tulilitia kwenye ndoo yenye barafu, nami nikabadilisha barafu kila baada ya saa chache. Usiku alinikuta macho saa nane. Hakusema kitu, alinishika bega tu akapita. Kulipokucha alilifunga galoni kwenye leso yake ya maua mekundu, fundo juu, ukimwona kwenye matatu ungedhani anapeleka maziwa kwa mgonjwa.

Majibu yalikuja baada ya siku kadhaa. VMA ilikuwa ndani ya kiwango cha kawaida. Daktari alifurahi, mimi nililia kidogo kwenye ngazi, na mama alinyamaza. Daktari akamuuliza tena, polepole, kuhusu vidonge vyake vya presha: anameza vingapi, saa ngapi, kila siku? Mama akasema kila siku.

Jioni ile, nyumbani, tukiwa tunamenya viazi, ndipo akaniambia. Tangu Desemba alikuwa akimeza kimoja leo na kuruka kesho, na siku nyingine akikata nusu, ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Aliona oda zangu zimepungua baada ya Krismasi. Hakutaka kuniongezea mzigo. Na vile vipindi vilipoanza aliogopa kusema, na kadiri alivyoogopa ndivyo vilivyozidi.

Nilitaka kumkaripia. Nilimenya viazi viwili vizima kabla ya kuweza kusema lolote, na nilichosema ni kwamba kesho tunarudi kwa daktari na kumweleza hivyo hivyo. Tulirudi. Daktari hakumgombeza hata yeye. Alimwandikia kidonge cha bei nafuu, kimoja kwa siku, na mimi nikabandika kalenda ukutani karibu na jiko, ambapo mama huweka alama kwa kalamu nyekundu kila asubuhi kabla ya chai.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na oda mbili. Saa kumi na moja alfajiri nilizichukua chupa zangu kwa jirani, nikachanganya siagi na sukari, nikafungua kifuniko. Mama alikuwa ameinama juu ya sufuria, anasubiri maziwa yachemke, tangawizi imeshapondwa. Aliinua kichwa, akavuta pumzi.

"Niletee hapa ninuse," akasema.

Nikampelekea chupa.